Jiwe la Kilo Mbili

Mimi ni fundi wa mizani hapa Mwaloni, Kirumba.
Bisibisi, mafuta ya taa, kitambaa,
na jiwe la shaba la kilo mbili
lisilotoka mfukoni hata nikienda msibani.

Magunia ya dagaa yameshushwa toka Ukerewe,
na kabla jua halijakausha ubao
Ng'wandu Masalu ameshapanda juu ya kreti:
"Iacheni bei ijitembelee!
Anayetaka auze, anayetaka anunue,
serikali ikae ofisini inywe chai."

Ana haki ya kukasirika. Siku moja tulihesabu pamoja:
leseni, kibali, ushuru wa gunia, ushuru wa geti,
na risiti ya kuonyesha kwamba una risiti.
Baba yake, kule Magu, alipeleka pamba ushirika,
akapewa stakabadhi. Mzee amezikwa.
Stakabadhi bado inadai.

Nyanjiga Bwire hajibu upesi. Anakaza kanga,
anachota konzi ya dagaa, anapuliza mchanga.
"Bei inatembea, sawa. Mbona kila siku
inapita kwako kwanza, kwangu inafika imechoka?
Mtumbwi wako, nyavu zako, taa za sola zako,
hata deni langu ni lako.
Uhuru wangu uko wapi? Kuchagua
nikuuzie wewe asubuhi
au nikuuzie wewe jioni?"

Watu wakacheka. Ng'wandu naye akacheka,
kisha akasema: "Nikikupunja leo, kesho hutarudi.
Soko lenyewe ndilo hakimu."

"Hakimu wa kesho," alisema Nyanjiga.
"Na mimi nala leo."

Sikutia neno. Fundi akiongea,
mizani huonekana ina upande.
Lakini nawajua, jamani.
Najua nani alinifuata usiku wa saa mbili
akaomba springi ilegezwe, "kidogo tu, robo."
Najua na mkaguzi, kitambulisho kifuani,
aliyebandika stika mpya juu ya mshale uliopinda
bila kuinama kuutazama,
akaondoka na samaki wawili.

Binti yangu anasoma mashairi shuleni,
anahesabu mizani kwa vidole, nane kwa nane.
Siku hizi, asema, kuna mashairi huru,
hayana mizani kabisa.
Nikamwambia: Ng'wandu asisikie.

Ziwa lenyewe halikuulizwa.
Juzi waliletwa sangara wa ukubwa wa kiganja,
macho makubwa kama ya watoto wa chekechea.
Kila mvuvi alisema: nisipowavua mimi, atawavua jirani.
Hesabu yao haina kosa. Hapo ndipo naogopa.

Juu ya bati korongo wamesimama na vipara vyao,
hawana leseni, hawana mkopo, hawabishani,
na wamenenepa.

Leo saa kumi na mbili Ng'wandu amekuja peke yake.
"Niazime jiwe lako. Mnunuzi wa Lubumbashi
kaja na mizani yake mwenyewe. Simwamini."
Nikafungua kitambaa.
Katika jiji hili lote la mawe,
majabali yaliyokalia vichwa vya nyumba za watu,
hili dogo kama ngumi ndilo aliloliomba.
Utalirudisha? nikamwuliza.
Akavua saa ya mkononi, akaniwekea rehani.

Nyuma yake, akingoja zamu, ndoo kichwani,
Nyanjiga.