Daftari la Shangazi Delmira

Hapa Buenos Aires, mtu akikulaghai kwa maneno matamu
tunasema amekutungia shairi.
Ukilizwa na jamaa wa uongo, hiyo ni hadithi ya mjomba.
Na mshamba aliyeshuka gari moshi asubuhi,
mchana kashaingizwa mjini,
huyo kauziwa sanduku la posta,
lile jekundu la chuma lililochimbiwa kwenye kona,
na risiti akapewa.

Shangazi Delmira aliyaandika yote
katika daftari la duka lake la vifungo,
neno kushoto, bei kulia.
Fiksi, fundi wa jokofu: peso elfu nane.
Changa la macho, chenji ya dereva wa teksi: elfu mbili.
Kilemba cha ukoka, yule mgane wa ghorofa ya tatu
aliyeisifu miguu yake:
chakula cha jioni mara sita, na saa ya marehemu.
"Neno usilolilipia," husema, "hulijui."

Julai, saa ya usingizi wa mchana, simu ikalia.
"Shangazi, ni mimi."
"Nahuel?"
Jina langu kalitoa mwenyewe, bure.
Na sauti ikaanza, ikijua pa kupumua:

*Shangazi, noti za kale, hazifai toka kesho,*
*benki foleni ni tele, watu wamwagika jasho,*
*karani yuaja mbele, mpe zote bila tisho,*
*usije piga kelele, ni siri mwanzo na mwisho.*

Vina sawia, mizani haikupungua.
Mimi halisi hukohoa katikati ya sentensi.
Hilo peke yake lingemtosha.

Akaja kijana mwenye tai, akafuta viatu mlangoni,
akatia sahihi.
Dola elfu tatu na mia moja,
kutoka ndani ya oveni isiyowashwa tangu msiba.

Nilipofika hakulia. Aliomba kalamu.
Akaandika *hadithi ya mjomba*,
akamkata mjomba, akaweka *mpwa*.
"Alinisemesha dakika arobaini," akasema.
"Wewe, mara ya mwisho..."
Akaliacha hapo, akaenda kubandika maji ya mate.

Nikafunua kurasa za nyuma.
Machi, miaka minne iliyopita,
siku ya pesa za pikipiki, za *nitarudisha Ijumaa*:
jina langu, na kushoto kwake, *shairi*.
Kulia kapiga mstari kwa rula,
bei hakuijaza.

Birika likaanza kulia jikoni.
"Nahuel," akaita.
Nikakohoa kwanza, ndipo nikaitika.