Hifadhi ya Barabara

Mwaka wa kwanza nilichora Bugarika kwa rula:
upana mita kumi, toka jabali hadi Mto Mirongo,
barabara imenyooka kama uzi wa fundi mwashi.
Mlima haukusoma ramani.

Nikapanda na kopo la rangi nyekundu.
Kwa Milembe Ng'wandu nikachora X ukutani.
Hakulia. Aliuliza tu:
"Mwanangu, greda litapita juu ya jiwe hili, au ndani yake?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na mhuri.

Miaka thelathini na moja.
Halmashauri, kisha ofisi yangu, meza moja,
mlangoni jina, na chini yake: Mshauri.
Greda halijafika.

Jana nimerudi na kijana wa vipimo.
Njia ya miguu inazunguka jabali,
inapumzika penye bomba, inateremka
kwa mwendo wa mwenye ndoo kichwani.
Nikaifuata kwa penseli, rula mfukoni.

X ingalipo. Milembe hayupo.
Wajukuu huwaambia wageni,
"Shuka mpaka nyumba ya msalaba mwekundu,"
na masika yakiifubaza
huipaka upya.