Fundi, Niulie Hiki

Aliingia Jumanne, umeme umekatika,
mama mwenye mtandio wa kijani na kiroba cha salfeti,
akakitua mezani kwangu taratibu, kama mtoto wa jirani aliyelala.
"Fundi," akasema, "hiki kizima. Niulie."

Miaka kumi na tisa nimekaa hapa Ngamiani, barabara ya tisa,
naletewa maiti nifufue.
Hakuna aliyewahi kuniletea kizima.

Nimeyafungua yote, mimi.
Kile kidogo cha matofali, betri mbili za tochi,
kilicholia ti-ti-ti chini ya madawati ya Makorora:
ndani nilimkuta mende amekauka, mikono juu kama golikipa.
Nikafungua yale madude ya kaseti za njano,
gemu mia tisa tisini na tisa, ndivyo ilivyoandikwa,
ukihesabu ni nne tu, zimebadilishwa kofia.
Kaseti ikigoma tunaipuliza.
Watoto wote wa mtaa tulijua dua hiyo moja: puliza.
Kumbe mate yetu ndiyo yaliyokula shaba.
Nilikuja kulijua hilo nikiwa fundi.

Kisha zikaja za sahani. Ile ya kijivu,
jicho lake likichoka kusoma, tunaigeuza kichwa chini,
inacheza hivyohivyo, kama popo.
Vijana wakavaa memori kadi shingoni kwa kamba ya kiatu,
hirizi, na ndani ya hirizi ligi nzima, makombe,
na usiku wote ambao hawakulala.

Usiniulize najuaje.
Ada ya kidato cha pili niliimaliza kwenye banda la Shekalaghe,
nusu saa, nusu saa, nusu saa.
Baba, karani wa reli, alinikuta huko saa tano usiku.
Hakunipiga. Alivua kofia, akakaa benchi la nyuma yangu,
akangoja nifungwe.
Nilifungwa tatu bila. Tukarudi nyumbani kimya.
Mpaka leo mgongo wangu unamsikia akipumua.

"Anaitwa Mbaruku," mama akasema. "Kumi na saba.
Anakula bila kuangalia sahani.
Akisali, salamu ya kushoto haijafika begani, keshakishika.
Juzi bibi yake kaanguka chooni, kaita, kaita.
Yeye alikuwa dakika za nyongeza."
Akafungua fundo la mtandio. Noti ya elfu kumi.
"Mwambie kimekufa. Wewe atakuamini."
Nikaipokea. Fundi naye ana kodi ya fremu.

Usiku umeme ukarudi. Nikafunga mlango kwa ndani.
Nilitaka kujua tu ninaua nini.

Msimu wa kumi na nne.
Timu ya Ulaya, lakini jezi kazipaka nyekundu na nyeupe,
na majina yote kayafuta, herufi kwa herufi, kaandika ya mtaani.
Golini, Faraji wa mikate ya mofa.
Mabeki, wale mapacha wa gereji ya baiskeli.
Kapteni, MAMA.
Kiungo, namba nane: BIBI.
Pumzi kampa tisini na tisa.
Na mimi nimo. Benchi, namba kumi na sita,
FUNDI, majeruhi, goti.

Mechi moja tu, nikajiambia, kwa sauti ileile ya banda la Shekalaghe.
Bibi alikimbia dakika tisini hakuanguka hata mara moja.
Adhana ya alfajiri ilinikuta robo fainali,
na nyuma yangu, kwenye benchi la wateja,
hapakuwa na mtu,
na mtu alikuwa anapumua.

Asubuhi akaja Mbaruku mwenyewe, baiskeli ya kuazima,
macho mekundu.
Akakuta yangu mekundu.
"Kimekufa?"
"Kimekufa," nikasema.

Hakujibu. Alikuwa anatazama kidole gumba changu
juu ya meza, kati ya nati na vumbi la risasi:
kilikuwa bado kinacheza.