Tundu Sitini na Nne

Ubao umekauka. Jana niliuogesha kwenye bakuli la ubwabwa
(halirudi tena jikoni hilo, Mwanaidi, usiniulize),
tindikali ikala shaba yote isiyopakwa rangi ya kucha,
ikaacha vijia vyekundu, vyembamba,
kama njia za siafu kushuka bonde la Kitangari.
Imebaki kutoboa.

Tundu sitini na nne,
nukta nane ya milimita kwa miguu ya rezista,
milimita kamili kwa dayodi, ambayo hujiona mnene.

Kwanza niliazima drili ya Chilumba, seremala.
Ile imezoea milango ya mninga.
Iliponguruma tu, kiduara cha shaba kiling'oka kizima
kikaniganda kidoleni kama gamba la samaki.
Nikairudisha na asante.
Asante ilikuwa ya jirani, si ya drili.

Nikaponda spoku ya baiskeli, nikainoa kwenye jiwe,
nikaizungusha kwa upinde wa Nankoma, mchonga mpingo:
mbele, nyuma, mbele, nyuma,
kama mtu anayekuna nazi ya wageni asiowapenda.
Hadi adhana ya alasiri, tundu tatu,
na mguu wa rezista ukichezacheza ndani
kama mtoto ndani ya kiatu cha baba.

Daktari wa meno, Ndanda, akanipa vikeekee alivyovistaafisha.
"Vimeshaingia vinywani mwa watu," akasema. "Vichemshe."
Nikavichemsha. Lakini vichwa vyao ni mviringo,
vinateleza juu ya shaba
kama tone la maji kwenye jani la gimbi.

Ndipo nikaagiza kabaidi, Dar, vitano kwenye kisanduku,
vikaja na basi, chini ya kiti cha kondakta.
Vikali kuliko neno la mkwe. Na havipindi:
hukatika.
Viwili vilikatika asubuhi moja,
maana mkono wangu wa kulia, tangu ile homa, unatetema.

Nikakaa na vitatu vilivyobaki, nikaviangalia.
Siku zote hizi nachagua jino,
kumbe la kuchagua lilikuwa taya.

Sasa kuna mota ya printa iliyofia ofisi ya kata,
na reli ya redio ya sidii, na mpira wa manati wa kuirudisha juu.
Inashuka wima. Haijui kutetema.
Nimejifunga kanga puani, vumbi hili lina nyuzi za kioo,
na kabla ya kila tundu nagonga alama kwa msumari, mara moja, taratibu.

Shangazi Somoe amelala chumba cha pili.
Juzi ghalani walimwambia korosho zake mbichi,
kaanike tena. Gunia sita, kichwani, kwenda na kurudi.
"Kipimo chao kimesema," akaniambia.
"Changu kitasema lini?"

Saa saba usiku, umeme bado upo, ajabu ya Newala.
Nanyanyua ubao mbele ya taa, nahesabu vijicho vya mwanga.
Sitini na tatu.
Nahesabu tena.
Ni lile la waya wa ardhi, pembeni, chini ya kidole gumba changu.

Nawasha mota.