Kisanduku cha Saba

Makala katika jarida: alama nane.
Kitabu: alama kumi na sita,
igawe kwa idadi ya waandishi,
ikate nusu kama mchapishaji hayumo kwenye orodha.

Mchapishaji wa Daktari Mghoi hayumo kwenye orodha.
Ana chumba kimoja Ngara, juu ya duka la miwani,
na mashine inayokohoa wino.

Mwenyekiti akauliza, nani amekisoma?
Tukatazama chai.
Profesa Cherogony akakipima kwa kiganja,
akasema, kizito,
nasi tukacheka, maana ilikuwa saa saba na nusu
na majalada ishirini na matatu yalikuwa yakingoja.
Nikapewa mimi, mtu wa kemia.
Pitia juujuu, ulete namba Jumatatu.

Usiku umeme ukapotea Kasarani nzima.
Nikawasha tochi ya simu, nikafungua,
kwa kuwa hapakuwa na jingine la kufanya.

Miaka kumi na mmoja alipanda na kushuka vilima vya Taita
akiwauliza wanawake majina ya udongo:
ule unaong'ang'ania jembe,
ule unaomeza mvua bila kushiba,
ule ambao wajawazito huulamba kwa siri.
Majina mia mbili arobaini na moja,
na kila jina na aliyelitaja, na siku,
na kama alikuwa amesimama au ameketi.
Saba wana msalaba mdogo kando:
hawakuwahi kukiona kimechapwa.

Ukurasa wa mia tatu na kumi, nikakwama.
Udongo mwekundu wenye chembe za kumetameta.
"Huo haukupi mahindi hata uulilie,
una chuma tumboni," alisema Mkawasi wa Mwatate,
ameketi, akichambua mboga.
Udongo huohuo
niliuchoma miezi miwili katika tanuri la maabara
nikatoa kurasa sita juu ya chuma chake.
Alama nane.
Mkawasi alikwisha kusema, kwa pumzi moja,
mwaka ambao mimi nilikuwa bado naandika ombi la fedha.

Sikulala.
Si kwa uchungu wa haki, nisijipambe.
Ulikuwa wivu.

Jumatatu. Kisanduku cha saba
kina upana wa ukucha.
Nikaandika kumi na sita, sikukata kitu.
Nduku wa masjala akanipigia: Daktari, mfumo umekataa.
Jaribu tena, nikamwambia.
Umekataa tena.
Basi weka nane.
Mfumo ukapokea, ukanishukuru kwa jina langu kamili.

Nane.
Kurasa zangu sita, na miaka yake kumi na mmoja,
mizani imetulia, haiyumbi.

Kitabu sijakirudisha.
Jana nimeona vumbi jekundu kwenye mshono wa kurasa,
kidogo tu, la kujaza ncha ya kisu.
Sijui ni la safari zake
au ni la koti langu la maabara.
Ningeweza kulipima.
Nimekifunga taratibu, lisimwagike.