Hodi ya Tatu

Jiwe lilikuwa dogo. Niliseme hilo kwanza,
maana kila aniulizaye hapa Igoma
hutaka liwe jabali, mojawapo ya yale
yanayobebana juu ya vilima vya mji wetu.
Hapana. Lilitosha kigoda cha muuza karanga,
katikati ya njia ya Kayenze, mvua imelivua udongo,
nami nilikuwa natazama ziwa.

Kwaruu, chini ya nyayo zangu. Kisha kimya.
Sikushuka.
Nyuma nilikuwa na ndoo sita za sato, barafu inayeyuka,
na gari si langu, ni la shemeji Luhende
aliyenipa funguo kwa mikono miwili
kama anayekabidhi mtoto mchanga,
akasema, "Oili nimebadilisha juzi."

Hiyo oili ya juzi ikaanza kunifuata,
uzi mweusi, tone kwa tone, kila kona niliyokata.
Kuku wakaudonoa,
wakafuta midomo kwenye nyasi.

Pale Kisesa, tairi zinagusa lami, ikawaka:
taa nyekundu, umbo la birika
lenye tone moja mdomoni.
Nikasema, labda ni waya.
Nikasema, hata mwezi jana iliwaka.
Halafu nikasema neno lililoua injini nyingi kuliko mawe:
"Ni hapo tu."

Hodi ya kwanza ilikuja kwa adabu,
kama ya jirani anayeazima chumvi.
Ko, ko, ko.
Nikaongeza sauti ya redio.
Walikuwa wanasoma bei ya pamba.

Ya pili ilinikuta hapahapa Igoma,
napita mbele ya mlango wangu mwenyewe,
mke wangu Limi anaanika mashuka.
Ngo! Ngo! Hodi ya mtu aliyeona taa ndani
na anajua kabisa kwamba upo.
Limi aligeuka. Nikampungia mkono.
Nikapunguza mwendo,
kana kwamba chuma kikavu
kinasagika kwa upole ukikibembeleza.

Ya tatu, mbele kidogo ya Buzuruga,
haikuwa ya kidole wala ya kiganja.
Ilikuwa ya bega.
Harufu ya sufuria iliyosahauliwa jikoni,
usukani mzito ghafla kama ng'ombe aliyegoma,
na gari likasimama lenyewe
huku honi za watu zikinitukania mama.

Kwetu mgeni hupiga hodi tatu.
Asipoitikiwa, huenda zake.
Ilienda zake.

Fundi Nkwabi alifungua sampu, akaimimina kwenye karai.
Haikujaza kijiko.
Vumbi la chuma lilimetameta humo
kama magamba ya dagaa juu ya mwamba saa nne asubuhi.
Akanitilia beringi kiganjani,
nyembamba kama ganda la yai, imegeuka buluu kwa moto.
"Ulisikia?"
Nilikuwa na uongo mzuri, nimeuandaa njia nzima.
Nikatazama kandambili zake.
"Nilisikia."
"Mara ngapi?"

Samaki walifika Mabatini kwa bodaboda,
macho maangavu, hata mmoja hajalegea.
Hilo ndilo linaloniamsha usiku:
samaki walifika.

Luhende alipokuja hakupaza sauti.
Aliinama, akatoa leso,
akapangusa vumbi kwenye namba ya gari,
tarakimu moja moja, mpaka ya mwisho.
Ningependa angenizaba kofi.

Sasa ni mwezi wa tano wa kulipa.
Kila tarehe mbili anapita jioni
na daftari lake la kurasa za mraba,
anasimama nje ya pazia, anakohoa kidogo,
anainua mkono.

Simwachi afike ya pili.
Hata pesa ikiwa haijatimia,
hata kama ninachoweza kumpa
ni kiti, na chai,
na Limi akileta birika
natazama pembeni.