Stakabadhi ya Mia Mbili

Mimi ndiye Ndeshukurwa wa chooni, soko la Pasua.
Kiti changu kreti ya soda, meza yangu ndoo iliyopinduliwa.
Anayeingia hulipa mia mbili,
namkatia karatasi, naandika daftarini,
awe mchuuzi wa nyanya, awe mtendaji wa kata,
hata awe amebanwa, anachezacheza mlangoni.

Zamani bomba likipasuka tuliambiwa: Dodoma.
Taa ikizimika: Dodoma.
Mfereji ukijaa maganda ya ndizi na manyoya ya kuku,
barua ilipanda basi, ikashuka, ikakaa foleni mahali,
na sisi tukaruka maji machafu masika mazima,
tumekunja kanga, tukisema mambo hayo yako mbali.
Umbali ni mto laini.
Ukiulalia, husikii harufu.

Kisha tukatangaziwa kwa kipaza sauti
kwamba mfuko umeteremshwa, umefika Moshi,
Meya ndiye atakayepanga, Meya ndiye atakayekata.
Vigelegele vikapigwa. Kilamlya wa mitumba akanunulia watu mbege.
Mimi nilibaki kwenye kreti, nikamkumbuka baba, Kibosho,
siku za mbuzi:
mwenye kisu aligawa uani, si jikoni,
kila jicho likikifuata kidari hadi mkononi mwa mwenyewe,
na yeye akajikatia mwisho.

Mwezi wa sita karatasi ikabandikwa ubaoni.
Nikaisoma kwa kidole, kasma kwa kasma:
*Ukarabati wa choo, soko la Pasua. Milioni kumi na nne. Umekamilika.*
Nikageuka nikakitazama choo.
Choo nacho kikanitazama.
Mlango wa tatu bado umefungwa kwa waya wa baiskeli.

Baraza likaitwa Jumamosi. Mlima ulijifunika,
haukutaka kuitwa shahidi.
Meya Elirehema Mtui alisema mengi, na mengine mazuri.
Nikasimama na daftari langu lenye harufu ya dawa ya choo.
"Mheshimiwa, mimi naulizwa mia mbili kila jioni.
Wewe unaulizwa na nani, na saa ngapi?"

Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka.

Akaliomba daftari. Ana akili yule, amesomea uhasibu;
akapekua, akapata, akaliinua juu:
"Tarehe tisa Aprili, mama. Pungufu mia sita!"
Nikamwambia, geuza ukurasa.
Akageuza. Tarehe kumi: mia sita, kutoka mfukoni mwangu,
fidia ya jana, siku ya mvua kubwa,
nilipompisha bure mjamzito na wanawe wawili.

"Sasa nipe lako," nikasema, "nami nigeuze."

Hakuwa nalo. Alikuwa na mhandisi,
mhandisi alikuwa na mkandarasi,
mkandarasi alikuwa na simu iliyozimwa.
Zamani hapo ndipo Dodoma ingeingia
impanguse jasho la paji.
Tuliisubiri. Alifungua mdomo.
Haikuja.
Mlango ule ulikwisha kufungwa, na funguo
alizipokea mwenyewe, mikono miwili, sisi tukishangilia.

Sitawadanganya kwamba choo kimepona.
Mlango wa tatu umepata bawaba. Moja.
Matofali yameletwa; kumi na moja yameibwa, nimeandika.
Na ubaoni, chini ya "umekamilika",
mtu wa manispaa amepiga mstari, akaweka sahihi na tarehe.
Sijawahi kuona serikali ikijifuta kwa kalamu yake.

Jumanne akaja bila msafara, pindo la suruali limelowa,
akalitazama bomba kwa muda mrefu.
Halafu, binadamu ni binadamu,
akanipa noti ya elfu, akaingia.
Alipotoka akasema, baki na chenji.
Nikamhesabia mia nane kiganjani, sarafu kwa sarafu.
Alikwisha fika kwa wauza dagaa nilipomwita:

"Mheshimiwa! Umesahau stakabadhi."

Akarudi, akaichukua.
Akaisoma pande zote mbili.